Maswali ya Wasomaji: Lebo za leza mahali penye gesi, mvuke na vumbi

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu lebo zinazochongwa kwa leza na kufungwa mahali ambapo cheche moja ndogo inaweza kuleta msiba. Tumezijibu pamoja kwa sababu kosa linalojirudia ni lile lile: fundi anachagua malighafi kabla hajajua lebo itakaa wapi.

Nina karakana ya leza Mwenge, Dar es Salaam. Depo ya mafuta imeniagiza lebo 120 za mabomba na vali, mm 120 kwa 90, na kwenye oda wameandika "ziwe za kuzuia umeme tuli". Ninayo akriliki ya tabaka mbili ya mm 1.6, alumini yenye rangi, na chuma cha pua. Muuzaji wa plastiki ananishauri niongeze hela ninunue akriliki ya "antistatiki". Ninunue?

Ndugu yetu, hela yako ikae mfukoni kwanza. Neno "antistatiki" kwenye oda halijakuambia kitu. Mpigie mteja umuulize mambo matatu: lebo itakaa zoni gani, gesi au mvuke uliopo ni wa kundi lipi, na lebo itafungwa juu ya nini na kwa njia gani. Depo inayoendeshwa vizuri ina michoro ya zoni. Wakikosa jibu, usianze kuchonga.

Zoni 0 ni mahali ambapo mvuke unakuwepo muda wote au muda mrefu, kama ndani ya tangi juu ya usawa wa mafuta. Zoni 1 ni pale unapotarajiwa kutokea katika kazi za kila siku, kwa mfano jirani na bomba la kupumulia la tangi. Zoni 2 ni pale usipotarajiwa, na ukitokea haukai. Kuhusu makundi, yanayopangwa kwa urahisi wa gesi kuwaka, petroli, propani, butani na gesi asilia ni IIA, ethilini ni IIB, haidrojeni na asetilini ni IIC. Propani inahitaji nishati ya takriban milijuli 0.25 ili iwake. Haidrojeni inaridhika na 0.02 hivi, na hicho ni kiasi ambacho mkono wako hautakihisi kabisa.

Plastiki ya kawaida ikipanguswa hubaki na chaji kwa sababu chaji haina njia ya kuondokea. Hata hivyo kiwango cha IEC 60079-0, ambacho ndicho cha vifaa vya maeneo haya, hakiipigi plastiki marufuku. Kinatoa njia kadhaa, na ukitimiza moja inatosha.

Njia ya kwanza ni kupunguza ukubwa wa uso. Kwa Zoni 1, kundi IIA na IIB, plastiki isizidi mm² 10,000; kwa IIC isizidi 2,000. Kwa Zoni 0 mipaka ni 5,000 kwa IIA, 2,500 kwa IIB na 400 kwa IIC. Sasa pima lebo yako: 120 mara 90 ni 10,800. Imepita mpaka kwa 800 tu. Ipunguze iwe 110 kwa 90, unapata 9,900, na akriliki ile ile ya kawaida uliyo nayo dukani inakubalika Zoni 1 ya petroli kwa kigezo hiki. Mteja angekulipa, na wewe ungemlipa muuzaji, kwa ajili ya milimita kumi. Ila lebo zikipangwa zikigusana zihesabu kama kipande kimoja. Na kama plastiki imezungukwa na fremu ya chuma iliyounganishwa na ethi (njia ya kupeleka umeme ardhini), mipaka hiyo inazidishwa mara nne.

Njia ya pili ni wembamba. Plastiki iliyoshikamana moja kwa moja na chuma chenye ethi inaruhusiwa bila kujali ukubwa, mradi unene wa kihami (kitu kisichopitisha umeme) usizidi mm 2 kwa IIA na IIB, au mm 0.2 kwa IIC. Chuma kilicho nyuma kinaivuta chaji na kuidhoofisha. Akriliki ya mm 1.6 pamoja na gundi nyembamba inaingia kwa IIA ikiwa juu ya bamba la chuma lililo bapa. Juu ya bomba haiingii: bomba ni la mviringo, akriliki ni ngumu, katikati panabaki nafasi ya hewa na hesabu yote inaharibika.

Njia ya tatu ndiyo hiyo ya "antistatiki" halisi: ukinzani wa uso usizidi Ω (ohm) bilioni 1 ukipimwa kwenye unyevu wa hewa wa asilimia 50, au Ω bilioni 100 kwenye asilimia 30. Njia hii unaihitaji pale tu mbili za kwanza zinaposhindikana.

Kwa kazi yako sisi tungetumia chuma cha pua cha daraja 316, unene wa mm 1, kilichochongwa kwa leza ya faiba. Mabomba ya depo hupigwa jua, hupigwa maji na humwagikiwa petroli, na plastiki nyingi haziishi hapo. Alumini yenye rangi huchongeka vizuri hata kwa leza ya CO2, maana leza inaondoa rangi na kuacha maandishi meupe. Lakini alumini ikigongwa na chuma chenye kutu hutoa cheche kali za moto, na kwa Zoni 0 kiwango hakiruhusu aloi zenye zaidi ya asilimia 10 ya alumini, magnesi, titani na zirkoni kwa jumla. Penye spana zinazoanguka, weka chuma cha pua.

Linalobaki ni ufungaji, na hapo ndipo kazi nzuri huharibika. Tai (mikanda ya kufungia) nyingi nyeusi za chuma cha pua zimevishwa plastiki. Ukifungia hizo, lebo yako ya chuma inaning'inia bila ethi. Nunua tai tupu, zisizovishwa. Bomba likiwa na rangi, kwangua mahali padogo chini ya tai hadi chuma king'ae, kaza, kisha paka rangi tena kuzunguka kingo ili kutu isiingie. Pima kwa mita kutoka kwenye lebo hadi kwenye ethi ya depo. Chuma kwa chuma kinapaswa kusoma ohm chache tu. Ikipita megaohm 1, ufungaji haujakamilika, rudia. Kipimo hiki kifanyike kwa kibali cha kazi na kwa mita iliyoruhusiwa kutumika ndani ya zoni, au wakati eneo limethibitishwa halina mvuke.

Tulibandika vibamba vya alumini vya mm 100 kwa 60 kwenye milango ya makabati ya chuma yaliyopakwa rangi, kituo cha kujazia mitungi ya gesi, Mombasa. Tulitumia tepu ya sponji ya kubandika pande mbili, mm 1. Mkaguzi wa usalama amevikataa vyote. Alumini ni chuma, haishiki umeme tuli. Kosa liko wapi?

Kaka, mkaguzi yuko sahihi, na hapa chuma ni hatari kuliko plastiki.

Tazama ulichotengeneza: bamba la chuma mbele, sponji katikati, mlango wa chuma wenye ethi nyuma. Hiyo ni kapasita kamili, yaani kifaa cha kuhifadhi chaji. Kwa mm² 6,000 na nafasi ya mm 1 ya sponji, uwezo wake wa kubeba chaji ni takriban pikofaradi 100. Mtu akipita akakipangusa kibamba kwa kitambaa kikavu, au akakigusa akiwa amechajika kwa kutembea na viatu vya mpira, volti 3,000 si jambo la ajabu. Nishati ni nusu ya uwezo mara volti kipeo cha pili: nusu ya pikofaradi 100, mara 3,000 mara 3,000, inatoka milijuli 0.45. Propani inataka 0.25.

Plastiki iliyochajika hutoa chaji ya kipande kidogo tu kilicho karibu na kidole, kwa sababu chaji iliyo mbali haiwezi kusafiri juu ya kihami. Chuma kisicho na ethi hutoa yote kwa mkupuo mmoja, kwenye ncha moja. Ndiyo maana kiwango kinaruhusu plastiki ya mm² 10,000 lakini kinabana kipande cha chuma kinachoelea hadi pikofaradi chache tu. Chako ni 100.

Vibandue. Kisha una njia mbili. Ukitaka kuendelea na alumini, ifunge kwa skrubu mbili au ribiti zinazoshika chuma cha mlango, lakini kumbuka kuwa tabaka la rangi la alumini hiyo ni kihami, hata kama lina unene wa mm 0.01 hadi 0.025 tu. Skrubu ya kichwa laini inaweza kukaa juu yake bila kugusa chuma chenyewe. Weka washa yenye meno ili itoboe tabaka, upande wa lebo na upande wa mlango, kisha pima. Na kabla ya kushika drili, angalia cheti cha kabati: kama ni la aina isiyopitisha mlipuko, usitoboe hata tundu moja. Ukitoboa umeua kinga yote.

Njia ya pili, ambayo kwenu ndiyo rahisi, ni filamu ya akriliki ya kuchongwa kwa leza, ile ya tabaka mbili nyeusi na nyeupe inayobandikwa kama stika. Jumlisha kila kihami kilicho juu ya chuma: rangi ya mlango, tuseme mm 0.12, gundi mm 0.03, filamu mm 0.05. Jumla mm 0.2. Kwa propani na butani mpaka ni mm 2, kwa hiyo uko ndani kabisa. Watu husahau kuhesabu rangi. Kabati lililopakwa mara tatu likiwa kwenye chumba cha haidrojeni lingekuwa limeshapita mpaka kabla lebo haijabandikwa.

Safisha kwa alkoholi ya isopropili, acha ikauke, bandika kutoka katikati kwenda pembeni, na usiache mapovu. Gundi nyingi za aina hii hushika nguvu yake kamili baada ya saa 24 hadi 72, basi usiruhusu kuoshwa kwa maji ya presha kabla ya hapo.

Je, dawa ya kupulizia ya kuondoa umeme tuli inafaa? Nichonge akriliki ya kawaida kisha nipulizie?

Hapana. Dawa hiyo hukaa juu ya uso na hufanya kazi kwa kunyonya unyevu wa hewani. Mvua inaiosha, kitambaa chenye petroli kinaiondoa, na hewa ikikauka inakufa. Lebo iliyopuliziwa Tanga inaweza kupita kipimo, ikifungwa Dodoma mwezi wa Septemba ikafeli. Zipo pia plastiki ambazo dawa imechanganywa ndani na huja juu polepole. Hizo ni bora kidogo, ila leza inapochoma tabaka la juu huondoa pia kile kilichokuwa kimekusanyika hapo, na dawa ya ndani huisha kadiri miaka inavyokwenda. Plastiki ya kuaminika ni ile iliyochanganywa kaboni, au polima inayopitisha chaji kwa asili yake. Ya kaboni ni nyeusi, kwa hiyo jaribu kwanza kipande kimoja kwa leza ya faiba uone kama maandishi yanatoka ya kijivu cha kusomeka. Na usihesabu masizi yanayobaki kwenye mchongo kama njia ya umeme: yanapanguka.

Muuzaji ananipa karatasi ya data inayosema "Ω bilioni 1". Naweza kuhakikisha mwenyewe?

Unaweza kupima kwa kujiridhisha. Kwa cheti utahitaji maabara iliyosajiliwa, lakini kipimo cha karakana kitakuokoa na mali mbovu.

Chukua kipande kilichokwisha kuchongwa, siyo karatasi mpya. Kioshe kwa maji yaliyotoneshwa, kisha isopropili, kisha maji yaliyotoneshwa tena, kikauke. Kwa rangi ya fedha inayopitisha umeme, chora mistari miwili sambamba, kila mmoja mm 100 kwa urefu na mm 1 kwa upana, ikiachana mm 10. Kata stensili kwa leza yako mwenyewe ili mistari inyooke. Mchongo upite katikati ya mistari hiyo.

Unyevu ndio unaodanganya watu wa pwani. Mombasa na Dar hewa huwa na asilimia 75 au zaidi, na hapo karibu kila plastiki chafu inaonekana salama. Tafuta kontena la plastiki lenye mfuniko unaobana, weka ndani bakuli la chumvi ya magnesi kloridi iliyoloweshwa kwa maji kidogo hadi iwe uji mzito wenye chembe ambazo hazijayeyuka. Hewa ya ndani itatulia kwenye asilimia 33 hivi. Ukitumia magnesi nitrati itatulia kwenye 53 hivi. Ingiza kipande ndani, kisiguse uji, kwa saa 24, pamoja na kipima unyevu cha bei ndogo ili uhakikishe. Joto liwe karibu na nyuzi 23.

Toboa matundu mawili ya waya, ziba kwa silikoni, na upime bila kufungua mfuniko. Tumia kipima kihami cha volti 500, bonyeza kwa sekunde 65, soma namba. Kipima kiwe kinasoma mbali kuliko mpaka unaotafuta: gigaohm 1 (ohm bilioni 1) kwa unyevu wa asilimia 50, gigaohm 100 kwa asilimia 30. Vipima vingi vya mafundi umeme huishia kwenye gigaohm chache, basi tumia nitrati na mpaka wa gigaohm 1. Pima vipande vitatu. Kimoja kikifeli, rudisha mzigo.

Nimepata shiti za bei poa za "PVC antistatiki". Zinafaa kuchongwa?

Kwa leza, kamwe. PVC ikichomwa hutoa gesi ya haidrojeni kloridi. Inaunguza mapafu, na ikikutana na unyevu inakuwa asidi inayokula lenzi, reli na bodi za mashine. Kama huna hakika shiti ni ya nini, nenda nje penye upepo, pasha waya wa shaba hadi uwe mwekundu, uguse plastiki, kisha urudishe waya kwenye moto wa gesi. Moto ukigeuka kijani, ina klorini. Ikatwe kwa msumeno, isipite kwenye leza.

Lebo zetu za chuma cha pua kwenye gati zinaota kutu juu ya maandishi tu, pembeni ni safi. Tuliambiwa chuma cha pua hakishiki kutu. (Mtwara)

Chuma cha pua kinalindwa na ngozi nyembamba ya kromi oksidi. Leza ya faiba inapoandika nyeusi kwa joto huivuruga ngozi hiyo, na kromi iliyo karibu na uso hupungua. Chumvi ya bahari huingia hapo hapo. Kama mlitumia daraja 304, tatizo ni mara mbili. Kando ya bahari tumieni 316.

Punguzeni nguvu ya leza na ongezeni kasi hadi alama iwe nyeusi bila ukungu wa rangirangi kando ya herufi. Ukungu huo ni dalili ya joto lililozidi. Baada ya kuchonga, tumbukizeni lebo kwenye asidi ya sitriki ya asilimia 4 hadi 10 kwa uzito, nyuzi 49 hadi 60, kwa dakika 10, kisha suuzeni kwa maji safi mengi na mkaushe. Jaribuni kwenye lebo moja kwanza, maana weusi wa joto unaweza kufifia ndani ya asidi. Ukififia, chongeni kwa kina, mm 0.1 hadi 0.2, bila kutegemea weusi. Kutu hapa inagusa usalama moja kwa moja: tahadhari isiyosomeka haijamlinda mtu, na kutu chini ya washa inaua muunganiko wa ethi.

Chumba cha kuchajia betri za foklifti. Lebo za ukubwa wa kadi ya benki zinatosha?

Kadi ya benki ni mm 85 kwa 54, yaani mm² 4,590. Betri za asidi zikichajiwa hutoa haidrojeni, kundi IIC, na palipotengwa kuwa Zoni 1 mpaka ni 2,000. Fanya 60 kwa 30, upate 1,800. Na kwa kuwa kasha lenyewe la betri ni plastiki kubwa kuliko lebo yoyote, andika juu yake: TAHADHARI – UMEME TULI – PANGUSA KWA KITAMBAA KIBICHI TU. Kwa mitungi ya asetilini, epuka lebo na minyororo ya shaba. Shaba na asetilini hutengeneza kitu kinacholipuka chenyewe kikiguswa.

Nasaga ngano, na nina vumbi badala ya gesi. Sheria ya wembamba inanihusu? (Nakuru)

Inakuhusu kwa kugeuka. Kwa gesi, plastiki nyembamba juu ya chuma ni kinga. Kwa unga unaosafirishwa kwa upepo ndani ya bomba, plastiki nyembamba juu ya chuma inaweza kukusanya chaji pande zote mbili hadi ipasuke kwa mmweko mmoja wenye nishati inayofikia juli nzima, mara maelfu ya zile milijuli tulizozitaja. Ndiyo maana kwa vumbi kiwango kinataka tabaka hilo lipasuke kwa volti zisizozidi 4,000, au liwe na unene wa mm 8 na kuendelea. Lebo iliyo nje ya bomba, inayopanguswa kwa mkono tu, haifiki huko. Inayotutia wasiwasi ni ile inayobandikwa ndani ya mfuniko wa kukagulia au ndani ya faneli kwa kuwa "hapo haichafuki". Itoe. Upande wa ndani, ambako unga unapita, alama yoyote ichongwe kwenye chuma chenyewe.

Mota yetu isiyopitisha mlipuko imefutika bamba la jina. Naweza kuchonga jipya kwa kunakili namba?

Usifanye. Bamba hilo ni sehemu ya cheti, na anayeruhusiwa kulitoa tena ni mtengenezaji. Mwandikie ukimpa namba ya mota. Mota ikienda kutengenezwa, karakana yenye sifa chini ya IEC 60079-19 huongeza bamba lake lenye herufi R: ndani ya mraba kama imerudishwa sawasawa na cheti, ndani ya pembetatu iliyopinduliwa kama inafuata kiwango lakini si michoro ya cheti. Wewe unaweza kuchonga lebo ya namba ya mali ya kampuni, na ukaibandika kwa filamu mbali na bamba la jina, bila kufunika maandishi yoyote ya tahadhari na bila kutoboa.